Namna ya Kuandika Tathmini ya Msimu wa Timu ya Raga ya Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Shabiki wa Nairobi

Jedwali la mwisho la ligi hueleza mambo machache sana kuhusu timu ya chuo kikuu. Litamwambia msomaji kwamba timu ilimaliza katika nafasi ya tisa baada ya kushinda mechi nne na kupoteza saba, lakini halitamwambia kwamba mechi tatu kati ya hizo saba ziliangukia majuma ya mitihani, wala kwamba nahodha aliyeanza msimu mwezi wa Novemba alikuwa amekwisha kuhitimu na kwenda kutafuta kazi kabla ya mechi ya mwisho. Klabu kubwa hufuatwa na waandishi wa magazeti kila Jumamosi, na nyingine zina maafisa wa kuzisemea. Timu ya chuo, hasa inapokuwa daraja la pili, haina msemaji mwingine ila mashabiki wake, na shabiki asipoandika, msimu mzima huondoka pamoja na darasa lililohitimu.

Mwongozo huu unamhusu shabiki huyo. Nimeuandika nikiwa na mchezo wa raga akilini, kwa sababu ni katika raga ambapo vyuo vya Nairobi vimekuwa vikipambana na klabu za watu wazima katika ngazi ya juu kabisa ya taifa. Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa mwaka 1977 na ikatwaa Kenya Cup, yaani ubingwa wa ligi ya juu kabisa ya raga nchini, katika mwaka huohuo wa kwanza. Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na Strathmore Leos wa Madaraka nao wamejijengea jina ambalo kila mpenzi wa raga nchini analijua. Timu hizi hupanda na kushuka, na sababu za kupanda na kushuka kwake si sawa na zile za klabu inayolipa mishahara. Hoja yangu kuu ni kwamba msimu wa timu ya chuo unapaswa kusomwa kwa kalenda mbili kwa pamoja, ya ligi na ya chuo, na tathmini inayotumia moja tu kati ya hizo huwakosea haki wachezaji hata inapowasifu.

Amua kwanza unatathmini msimu upi

Raga ya Kenya ina misimu miwili ndani ya mwaka mmoja. Ligi ya wachezaji 15 kila upande kwa kawaida huanza karibu na Novemba na kumalizika Aprili au Mei, kisha katikati ya mwaka huja msururu wa kitaifa wa wachezaji saba kila upande, unaozunguka miji kadhaa kwa mashindano kama Christie na Kabeberi, Prinsloo ya Nakuru, Dala ya Kisumu na Driftwood ya Mombasa. Usiichanganye misimu hii miwili katika maelezo mamoja. Kikosi huweza kuwa na majina yaleyale, lakini mechi ya wachezaji saba ina vipindi viwili vya dakika 7 na ile ya wachezaji 15 ina vipindi viwili vya dakika 40, kwa hiyo mchezaji anayeng'ara katika mojawapo anaweza kuwa wa kawaida kabisa katika nyingine. Ushauri wangu ni kuanza na ligi, kwa sababu ndiyo inayoamua timu itacheza daraja gani mwaka unaofuata, na kuupa msururu wa wachezaji saba makala yake wakati wake ukifika.

Ndani ya ligi yenyewe, amua pia kama utazihesabu mechi za maandalizi. Mimi huzitaja bila kuziingiza katika hesabu. Mashindano ya Impala Floodlit, yanayochezwa usiku chini ya taa katika uwanja wa Impala kwenye Ngong Road, ni burudani kubwa na huonyesha vijana wapya, ila kocha huwa bado anajaribu watu, na matokeo ya majaribio hayapaswi kupewa uzito sawa na ya mechi za alama.

Kukusanya kumbukumbu

Kazi ya tathmini hufanyika zaidi wakati ligi ikiendelea kuliko baada ya kumalizika. Shabiki anayesubiri Mei ili akumbuke mechi ya Novemba atakumbuka trai moja nzuri (yaani mpira kugusishwa chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) na ugomvi mmoja, basi. Nunua daftari la kawaida, na kila mechi uipe kurasa mbili: tarehe na uwanja, hali ya hewa na ya ardhi, orodha ya wachezaji 15 walioanza na ya wale wa akiba, alama za kila upande zikiandikwa pamoja na dakika zilipopatikana na njia zilivyopatikana, kadi, majeruhi, na mabadiliko yote. Andika matokeo ya kipindi cha kwanza mbali na ya kipindi cha pili, kwa sababu tofauti hiyo itakuwa na maana kubwa utakapoanza kutafuta sababu.

Hali ya ardhi si jambo la kupuuza. Ligi huanza wakati wa mvua za vuli na kumalizika wakati wa masika, na mechi ileile inayochezwa kwenye nyasi kavu za Februari huwa tofauti kabisa inapochezwa katika tope la Aprili. Timu ya wanafunzi wepesi wenye mbio hunufaika na uwanja mkavu, na timu yenye mafowadi wazito, yaani wale wachezaji wa mbele wanaosukumana, hupenda tope. Ukiona timu yako ilishinda mfululizo kati ya Januari na Machi kisha ikadorora, angalia mvua kabla ya kumlaumu kocha.

Ikiwa hukuweka daftari, bado inawezekana kuijenga upya picha ya msimu. Anza na ratiba na matokeo ya Shirikisho la Raga Kenya, kisha uongeze taarifa za magazeti, Taifa Leo likiwamo, halafu uwaombe mashabiki wenzako picha walizopiga kwa simu. Picha ya simu huwa na tarehe na saa, na mara nyingi hilo hutosha kukuonyesha ni nani alikuwa uwanjani katika kipindi cha pili. Kuwa mwangalifu na matokeo yanayosambazwa katika vikundi vya simu mechi ikiendelea, maana mtu aliyesimama mbali na ubao wa alama hukosea mkwaju mmoja, na kosa la alama mbili hugeuza mshindi. Matokeo yoyote uliyoyapata mahali pamoja tu yatafutie ushahidi wa pili kabla ya kuyaandika.

Majina nayo yanahitaji subira. Wachezaji wa raga hujulikana kwa majina ya utani kiasi kwamba wenzao wa mabweni hawayajui majina yao halisi. Andika yote mawili, na uyahakikishe na meneja wa timu. Hakuna kinachomuumiza mzazi aliyeko Bungoma au Makueni kuliko kusoma jina la mwanawe likiwa limekosewa katika maandishi pekee yaliyowahi kumtaja.

Zivunjevunje alama

Hapa ndipo shabiki anaweza kuona kile ambacho jedwali limekificha. Trai ina alama 5, mkwaju wa baada ya trai alama 2, penalti inayopigwa kati ya milingoti alama 3, na mpira unaodondoshwa na kupigwa kati ya milingoti mchezo ukiendelea alama 3 vilevile. Kwa hiyo kila matokeo yana hadithi ndani yake. Chukua mfano wa timu iliyopoteza kwa alama 24 kwa 21. Ukilitazama daftari ukakuta kwamba timu yako ilifunga trai tatu na mikwaju yote mitatu, nao wapinzani walifunga trai tatu bila mkwaju hata mmoja lakini wakapata penalti tatu, utajua kwamba mashambulizi yalitosha, ulinzi ulikuwa sawa na wa wapinzani, na mpigaji wako alikuwa bora kuliko wao. Mechi ilipotea kwa nidhamu. Makosa matatu ndani ya eneo ambalo mpigaji anaweza kufikia milingoti ndiyo yaliyoigharimu timu ushindi.

Fanya hivyo kwa kila mechi, kisha uzijumlishe. Ukikuta kwamba mwenendo huohuo unajirudia katika mechi tano au sita, una jambo la kusema, na utalisema kwa ushahidi. Hesabu pia alama ambazo timu ilifungwa wakati mchezaji wake mmoja akitumikia kadi ya njano, kwani dakika 10 za kucheza mkiwa 14 huweza kubadilisha alasiri nzima. Nimeona tathmini nyingi zikiulaumu ulinzi kwa ujumla, ilhali ulinzi ulikuwa imara katika dakika zote isipokuwa zile ambazo timu ilikuwa pungufu.

Mfumo wa bonasi nao unastahili kuelezwa kwa msomaji, kwa sababu wengi hudhani kwamba nafasi katika jedwali hufuata idadi ya ushindi. Ushindi hutoa alama 4 za jedwali na sare alama 2. Timu inayofunga trai nne au zaidi hupata alama moja ya ziada hata ikishindwa, na timu inayoshindwa kwa tofauti ya alama 7 au pungufu hupata moja pia. Tuseme timu ya chuo imecheza mechi 11, ikashinda tatu tu, lakini katika mechi nane ilizopoteza, tano zilipotea kwa alama 7 au chini yake, na katika mechi nne za msimu ilifunga trai nne au zaidi. Itakuwa na alama 12 za ushindi, 5 za kushindwa kwa karibu na 4 za trai, jumla 21. Timu iliyoshinda mechi tano na kupoteza sita bila bonasi yoyote itakuwa na alama 20, na itakaa chini yake. Kwa timu ya wanafunzi, ambayo mara nyingi hupigana na klabu zenye uzito na uzoefu mkubwa zaidi, bonasi ndiyo inayoitenganisha timu inayobaki ligini na ile inayoshushwa daraja. Tathmini isiyozihesabu bonasi haiwezi kueleza kwa nini timu ilinusurika au kwa nini ilianguka.

Weka kalenda ya chuo kando ya ratiba

Chukua karatasi kubwa, uigawe katika majuma kuanzia Oktoba hadi Mei, upande mmoja uandike mechi na upande wa pili uandike mambo ya chuo: kufunguliwa kwa muhula, majuma ya majaribio, mitihani, likizo, mafunzo ya nyanjani, sherehe za kuhitimu. Katika vyuo vingi vya Nairobi mitihani ya muhula wa kwanza huja karibu na Desemba, na ile ya muhula wa pili huja karibu na Aprili, yaani mwanzoni mwa ligi na mwishoni mwake, kule ambako alama hutafutwa kwa shida zaidi. Ukimaliza kuichora karatasi hiyo, matokeo mengi yaliyokuwa fumbo yatajieleza yenyewe.

Usikomee kuandika kwamba "kulikuwa na mitihani." Tafuta jinsi mitihani ilivyoigusa timu. Kikosi cha mechi huwa na watu 23, yaani 15 wanaoanza na 8 wa akiba, na katika hao wa akiba lazima wawepo watu waliofunzwa kucheza safu ya mbele ya skramu, ile ambapo mafowadi wa pande mbili hushikana na kusukumana ili kugombea mpira. Timu ikisafiri bila watu hao kisha mmoja wa walioanza akaumia, mwamuzi huamuru skramu zichezwe bila kusukumana, na timu ambayo nguvu yake ilikuwa katika skramu hupoteza silaha yake kuu kwa sababu tu mwanafunzi mmoja wa uhandisi alikuwa na karatasi ya mtihani Jumamosi asubuhi. Hilo ndilo linalopaswa kuandikwa, kwa uwazi na bila kumlaumu mwanafunzi, kwa maana alikwenda chuoni kusoma.

Safari ni sehemu ya kalenda hii. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni takriban kilomita 160, na timu inaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kutoka Nairobi hadi Kakamega, nyumbani kwa klabu ya Kabras Sugar, ni zaidi ya mara mbili ya umbali huo, na kwenda kucheza Kisumu ni vivyo hivyo. Klabu yenye mdhamini mkubwa huweza kufika siku moja kabla na kulala hotelini. Timu ya chuo mara nyingi hungoja basi la chuo, na basi hungoja idhini, na wachezaji hufika uwanjani miguu ikiwa mizito. Linganisha matokeo ya nyumbani na ya ugenini, kisha uyagawe ya ugenini katika mawili: yale ya hapa jijini, kama vile Ruaraka kwa klabu ya KCB au uwanja wa RFUEA kwa klabu ya Harlequins, na yale ya mbali. Mara nyingi utagundua kwamba kile kinachoitwa udhaifu wa ugenini ni udhaifu wa safari ndefu peke yake. Angalia hasa dakika 20 za mwisho, kwani uchovu wa safari hauonekani mapema.

Kuna pia majira ambayo chuo chenyewe hufungwa. Mwaka 2018 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma kuanzia Machi hadi Mei, wakati ambao ligi huwa katika hatua zake za mwisho. Machi 2020 ugonjwa wa Covid-19 ulifunga vyuo na kusimamisha michezo yote, na msimu wa 2019/20 ukakatika. Ukiwa unatathmini msimu wa aina hiyo, eleza mapema hali ilivyokuwa, ukitenganisha mechi zilizochezwa wanafunzi wakiwa chuoni na zile zilizochezwa wakiwa wametawanyika. Wachezaji wanaokaa mabweni hufanya mazoezi pamoja alfajiri na jioni. Wakirudi makwao, mmoja Eldoret na mwingine Machakos, timu hubaki jina kwenye ratiba.

Jambo kubwa kuliko yote katika kalenda ya chuo, hata hivyo, ni kuhitimu. Shahada ya kwanza huchukua kwa kawaida miaka minne, kwa hiyo timu ya chuo hupoteza karibu robo ya watu wake kila mwaka hata kama hakuna aliyeumia wala kukata tamaa. Wale walio bora huchukuliwa na klabu zinazoweza kuwapa ajira au posho, na hakuna ubaya katika hilo, maana kijana aliyehitimu ana familia inayomtegemea. Kwa sababu hiyo usiulinganishe msimu huu na uliopita kwa kutazama nafasi peke yake. Andika kwanza ni wangapi kati ya 15 walioanza mechi ya mwisho ya msimu uliopita walikuwapo katika mechi ya kwanza ya msimu huu. Ikiwa ni sita, basi kumaliza nafasi mbili chini ya ile ya mwaka jana kunaweza kuwa kazi nzuri sana ya kocha, na wewe ndiye mwenye wajibu wa kulisema hilo waziwazi.

Kuchagua mechi za kusimulia

Hakuna msomaji anayetaka kusimuliwa mechi zote. Chagua tatu, au nne kama msimu ulikuwa mrefu, na nyingine uzipitie kwa sentensi moja moja. Kishawishi kikubwa ni kuchagua ushindi mkubwa kuliko wote, lakini ushindi wa alama 50 dhidi ya timu dhaifu haufundishi kitu. Mimi huchagua mechi ambayo baada yake kitu fulani kilibadilika: kocha alimhamisha mchezaji nafasi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akapewa jezi ya kuanzia, au timu ikaacha kukimbiza mpira kutoka katika eneo lake na kuanza kuupiga mbele. Mechi hiyo inaweza kuwa ya kushindwa, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Mechi kati ya vyuo viwili ipewe nafasi yake daima. Mean Machine wakikutana na Blak Blad, hata kama hakuna kombe linalogombewa, watu wanaokuja ni wengi kuliko wanaokuja kumtazama bingwa, na nyimbo za mashabiki ni sehemu ya mechi sawa na skramu. Eleza nyimbo hizo, umati ulivyosimama pembeni mwa uwanja, nani aliongoza kuimba. Walakini usiache sauti ya umati ifunike mchezo. Baada ya nyimbo, rudi kwenye dakika, mpira na alama.

Kuzungumza na timu

Nenda kwa wachezaji na benchi la ufundi baada ya juma moja au mawili tangu mechi ya mwisho, wakati uchungu umepungua na kumbukumbu bado ni mbichi. Ukichelewa zaidi utawakuta wametawanyika. Mwombe kocha miadi kwa heshima, umweleze unachoandika, na umwonyeshe zile hesabu zako za alama. Kocha anayeona kwamba shabiki amefanya kazi hufunguka kuliko anayeulizwa tu kwa nini timu ilishindwa. Maswali mazuri ni yale yanayogusa jambo mahususi. Badala ya kuuliza msimu ulikuwaje, uliza ni kwa nini katika mechi ya Februari timu ilianza kupiga mipira mirefu kila ilipopata penalti katikati ya uwanja. Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa maneno ya jumla.

Usiishie kwa kocha na nahodha. Mtunza vifaa anajua ni nani aliyekuwa akichelewa mazoezini na nani alikuwa wa kwanza kufika. Mtaalamu wa tiba anajua ni wangapi walicheza wakiwa na maumivu, ingawa hatakwambia majina na hupaswi kumlazimisha. Wachezaji wa akiba, ambao huutazama mchezo kutoka pembeni kama wewe, huwa na maoni makini kuliko ya wengi. Zungumza pia na mafowadi kwa makusudi, kwa kuwa daftari la alama huwapendelea wale wanaofunga. Mtu wa safu ya mbele anaweza kucheza msimu mzima bila kufunga trai hata moja, na bado akawa ndiye sababu ya trai nyingi za wenzake. Mwombe akuonyeshe ni skramu ipi katika msimu anayoiona kuwa bora kuliko zote, kisha uitafute katika video kama ipo.

Kuna mambo ya kuacha nje hata ukiyajua. Matokeo ya mitihani ya mchezaji ni siri yake, na hata mwanafunzi aliyeachwa nje ya kikosi kwa sababu ya masomo anaweza kuelezwa kuwa hakuwapo, bila zaidi. Majeraha ya kichwa yatajwe kwa uangalifu mkubwa na kwa ruhusa ya mhusika. Karo, mikopo na shida za nyumbani si habari za raga. Wachezaji hawa ni vijana wa miaka 19 na 20, na jina likishaandikwa intaneti litamfuata mtu hadi kwenye usaili wa kazi. Kuhusu waamuzi, kama unaamini uamuzi fulani uliigharimu timu, eleza tukio lilivyokuwa na dakika yake, kisha uendelee na mchezo, kwa sababu msimu wa mechi 11 hauamuliwi na filimbi moja.

Kulinganisha na zamani

Mashabiki wa vyuo hupenda kusema kwamba timu ya siku zile ilikuwa bora. Kama utaingia katika mazungumzo hayo, ingia na ushahidi. Maktaba ya McMillan iliyoko Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina hazina ya magazeti ya zamani, na kurasa za michezo za miongo iliyopita hutoa matokeo, vikosi, na wakati mwingine maelezo marefu ya mechi. Kumbuka tu kulinganisha vitu vinavyolingana. Thamani ya trai katika raga haikuwa alama 5 tangu mwanzo. Kabla ya mwaka 1992 ilikuwa alama 4, kwa hiyo matokeo ya miaka ya 1980 yanahitaji kusomwa kwa idadi ya trai na si kwa jumla ya alama. Isitoshe, timu ya mwaka 1977 ilicheza katika ligi ambayo mchezaji alikuwa halipwi popote alipokwenda. Leo mshambulizi hodari wa chuo anajua kwamba kuna benki na kampuni ya sukari zinazodhamini timu, na hilo limeibadilisha ligi nzima.

Kuandika na kukabidhi

Andika kwa mpangilio wa wakati, kwa sababu msomaji wa chuo anaukumbuka msimu kwa miezi yake, lakini weka hoja yako kuu katika aya ya kwanza ili kila mechi isomwe chini ya mwanga wake. Maneno elfu moja na mia tano yanatosha kwa ligi ya mechi 11. Tumia istilahi ambazo watu huzitumia uwanjani, yaani trai, skramu, laini-auti, mkwaju, penalti, na uzieleze kwa ufupi mara ya kwanza kwa ajili ya mzazi au mhadhiri asiyeujua mchezo. Sifa zitolewe pamoja na sababu zake. Kumwita mtu "nguzo ya timu" hakumsaidii. Kueleza kwamba alianza mechi zote 11 na kwamba katika mechi mbili alimaliza akicheza nafasi isiyo yake kunamsaidia leo na kutamsaidia anapoomba nafasi katika klabu.

Sehemu ya mwisho iwe ya msimu ujao, na iwe ya vitendo. Orodhesha nafasi zitakazobaki wazi kwa sababu ya kuhitimu, utaje ni nani katika kikosi cha pili amewahi kuzicheza, na ueleze ni nafasi zipi zitategemea wanafunzi watakaojiunga mwezi wa Agosti au Septemba kutoka shule za sekondari zenye utamaduni wa raga. Kabla ya kuchapisha, mpelekee nahodha na meneja rasimu ili wakague majina, tarehe na alama, ukiwaeleza mapema kwamba wanaweza kusahihisha ukweli lakini maoni ni yako. Makala ikitoka, chapa nakala mbili kwa karatasi, moja uipeleke katika ofisi ya michezo ya chuo na nyingine katika maktaba ya chuo, pamoja na nakala ya kurasa za daftari lako la mechi, kisha uanze daftari jipya kabla ya mazoezi ya Septemba.